Mzani wa Kahawa Hukaguliwa, Maikromita ya Fundi Je?

Msimu wa kahawa ukiwadia katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, kuna chombo kimoja ambacho hakuna mkulima anayekubali kukipuuza, nacho ni mzani. Kuanzia Nyaishozi na Kihanga hadi Nkwenda, Kaisho na Murongo, mzani wa chama cha msingi cha ushirika unatakiwa kisheria uhakikiwe na Wakala wa Vipimo angalau mara moja kila mwaka, upigwe chapa na ubandikwe stika. Mkulima akihisi kilo zake zimepunjwa, anajua pa kulalamikia, na Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inasimama upande wake.

Kahawa hiyohiyo ikitoka mzanini inakwenda kukobolewa. Kinachokoboa ni mashine, na ndani ya mashine kuna shafti ya chuma inayozunguka juu ya beringi. Shafti ikilika hupelekwa kwa fundi wa leithi, aijaze kwa kuchomelea, aichonge upya na kuirudishia kipimo chake. Fundi anaipima kwa vanie au kwa maikromita, anaridhika, mwenye mashine analipa na kuondoka. Hapo hakuna chapa wala stika. Hakuna anayeuliza kile kifaa cha kupimia kilihakikiwa lini, na nani, kwa kulinganishwa na nini.

Pengo hilo ndilo linalonifanya niandike leo. Kwa maoni yangu linawagharimu watu wa wilaya hizi mbili fedha nyingi kuliko wanavyodhani, na fedha hizo hupotea kidogokidogo, kwa jina la "beringi mbovu", "spea feki" au "mashine imechoka".

Tuanze na shafti yenyewe. Chukua mashine ya kusaga mahindi yenye beringi namba 6308. Namba hiyo ina maana moja dunia nzima: tundu la milimita 40, kipenyo cha nje milimita 90, upana milimita 23. Iwe imetengenezwa India, Uchina au Sweden, ikiwa ni halali itakuwa hivyo. Lakini hakuna kiwanda kinachoweza kutengeneza tundu la milimita 40 kamili bila kupungua wala kuzidi hata chembe. Kwa hiyo viwango vya kimataifa vinaweka ukanda unaoruhusiwa. Kwa beringi ya kawaida ya ukubwa huo, tundu linaweza kuwa na milimita 40.000 au likapungua hadi 39.988, na si zaidi ya hapo. Shafti nayo ina ukanda wake. Kwa ukazaji unaopendekezwa mara nyingi kwenye mitambo ya namna hii, inatakiwa iwe kati ya milimita 40.002 na 40.018.

Msomaji azitazame vizuri tarakimu hizo. Fundi wa Omurushaka amepewa nafasi ya milimita 0.016 tu ya kuchezea. Unywele wa binadamu una unene wa takriban milimita 0.07, yaani nafasi hiyo ni chini ya robo ya unywele. Akiikosa kwa upande wa chini, beringi inaingia shaftini kwa kusukumwa na mkono, na kila mtu pale karakana anafurahi kwamba kazi imekuwa nyepesi. Ikiwashwa mashine, ringi ya ndani ya beringi inaanza kuteleza juu ya shafti. Hapo beringi huila shafti: shafti inalika, inapata joto, grisi inaungua, mtetemo unaongezeka, na kwa mashine inayozunguka mara elfu mbili hadi tatu kwa dakika, mtetemo hauna simile. Akiikosa kwa upande wa juu, beringi inakazwa kwa nyundo hadi vigololi vyake vinabanwa na kukosa nafasi ya kupumua. Nayo inapata joto, nayo inakufa. Katika hali zote mbili mwenye mashine anarudi dukani kununua beringi nyingine, na lawama inamwangukia muuza duka.

Anayezifahamu karakana zetu anajua dawa zinazotumika shafti ikionekana imelegea. Ya kwanza ni kupiga senta panchi kuzunguka mahali pa beringi, ili vijidonda vya chuma viinuke na kuikamata. Ya pili ni kukata kopo la soda na kuzungushia kipande chake kati ya shafti na beringi. Nazifahamu sababu zake: mteja ana magunia yanamngoja, umeme umerudi baada ya kukatika tangu asubuhi, na fedha ni ile aliyonayo mfukoni. Lakini sizikubali hata kidogo. Vile vijidonda vya panchi hubonyea baada ya muda mfupi kwa sababu beringi imeshikwa na ncha tu, si na uso wote wa chuma. Kopo la soda halina unene ulio sawa likishakunjwa, kwa hiyo beringi inakaa upande, na shafti inazunguka ikiyumba. Kazi inayofaa ni kujaza kwa kuchomelea, kuacha chuma kipoe taratibu, kuchonga hadi ibaki sehemu mbili au tatu za kumi ya milimita, kusimama na kupima, kisha kumalizia kwa vichongo vyembamba huku ukipima kila mara.

Na kupima kwenyewe ndiko kwenye shughuli. Vanie kalipa, chombo ambacho asili yake ni ubunifu wa Mfaransa Pierre Vernier mwaka 1631, kwa kawaida husoma hadi milimita 0.05 au 0.02. Tumeona kwamba ukanda wote wa shafti yetu ni 0.016. Kwa maneno mengine, fundi anayetumia vanie kumalizia kiti cha beringi anapima kwa chombo ambacho mstari wake mdogo kabisa ni mpana kuliko kosa analoruhusiwa kulifanya. Hata awe hodari namna gani, atapatia kwa bahati. Kinachofaa ni maikromita, iliyopewa hataza na Mfaransa mwingine, Jean Laurent Palmer, mwaka 1848. Skrubu yake husogea nusu milimita kwa mzunguko mmoja, na pipa lake limegawanywa mistari 50, hivyo kila mstari ni milimita 0.01. Jicho lililozoea linaweza kukadiria nusu ya mstari, na zipo maikromita zenye mistari ya ziada zinazosoma hadi 0.001.

Kuna jambo linalonisikitisha hapa. Vyombo hivi viwili hufundishwa katika somo la fizikia kidato cha kwanza. Kijana aliyesoma sekondari yoyote ya Karagwe au Kyerwa amewahi kuchora vanie daftarini na kujibu swali la mtihani la kusoma kipimo chake. Wengi walijibu wakapata alama bila kuwahi kushika chuma. Miaka michache baadaye wengine kati yao wako karakana, vanie iko mkononi kweli, na hakuna aliyewaambia kwamba lile somo lilikuwa linahusu shafti ya mashine ya baba zao.

Hata maikromita nzuri hudanganya ikitumiwa vibaya. Ikifungwa kwa nguvu ya kiganja badala ya kile kitufe cha nyuma kinachoteleza kwa sauti ya kukereketa, inabana chuma na kusoma pungufu. Vumbi la msasa likiingia kati ya midomo yake, inasoma zaidi. Fundi akipima mahali pamoja tu, hawezi kujua kama shafti ni nene upande huu na nyembamba upande ule, au kama imekuwa ya yai. Anatakiwa apime sehemu tatu za urefu, na kila sehemu kwa pande mbili zinazokatana. Lipo pia umbo linaloitapeli hata maikromita yenyewe: shafti yenye migongo mitatu isiyoonekana kwa macho, ambayo kila ukiipima kipenyo unapata namba ileile ingawa si duara. Kulikamata umbo hilo kunahitaji kuilaza shafti kwenye kitako cha umbo la V na kuizungusha chini ya dayo geji, kipimo cha mshale kinachoonyesha kuyumba. Ni dakika chache za kazi.

Halafu kuna joto. Hili ndilo kosa ninalodhani ni la kawaida kuliko yote, na ndilo jepesi kuliko yote kuliacha. Chuma hutanuka. Kila mita moja ya chuma cha pua huongezeka takriban milimita 0.0115 kwa kila nyuzi moja ya joto. Shafti ya milimita 40 iliyotoka kuchongwa ikiwa na nyuzi 50 imetanuka kwa takriban milimita 0.014 kulinganisha na ilivyo kwenye nyuzi 20. Ukiipima ikiwa moto na kuikuta 40.010, katikati kabisa ya ukanda, utaifurahia. Ikipoa inakuwa 39.996. Kazi imeharibika ikiwa imelala mezani, bila mtu kuigusa.

Ndiyo sababu dunia ilikubaliana, mwaka 1931, kwamba vipimo vya urefu wa vitu vya viwandani vihesabiwe kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Na hapa Karagwe ina baraka ambayo sijasikia ikitajwa. Nyanda hizi zina mwinuko wa mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na kwa sehemu kubwa ya mwaka hewa yake haiko mbali na nyuzi hizo 20. Fundi wa Dar es Salaam anapigana na nyuzi 30 na ushee na hana budi kununua kiyoyozi. Wa Kayanga anahitaji chumba kidogo chenye dari na ukuta mnene, kilichojitenga na jua linalochoma mabati ya karakana, na subira ya kuiacha kazi ilale humo pamoja na maikromita mpaka vilingane joto. Subira hiyo hainunuliwi.

Hayo ni ya mashine za kusaga na kukoboa. Ukitaka kuona jambo lilelile likitembea barabarani, tazama bodaboda. Kuna vijiji ambako pikipiki ndiyo inayompeleka mama mjamzito hospitali ya Nyakahanga na ndiyo inayoleta dawa. Injini yake ikianza kutoa moshi na kula oili, silinda hupelekwa kupanuliwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, ambazo huuzwa kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Wengi hupanua silinda kwa kufuata namba iliyoandikwa kwenye pistoni, wakaishia hapo. Fundi mwenye kujali huipima kwanza pistoni mkononi, kisha huchonga silinda kuifuata pistoni hiyohiyo, na kuacha mwanya wa sehemu chache za mia ya milimita kama mtengenezaji alivyoagiza. Mwanya huo unahitajika kwa sababu pistoni ni ya aluminiamu, inayotanuka karibu mara mbili ya chuma cha silinda. Tena pistoni si duara kamili wala haina unene mmoja juu hadi chini. Kichwani ni nyembamba makusudi kwa kuwa ndiko kwenye moto mkali. Anayeipima kichwani atapata namba ndogo na kuchonga silinda ndogo. Pikipiki itaondoka karakana vizuri, na itakamata ikiwa na abiria kwenye mlima.

Nchi hii haikuanza kujua chuma jana. Wapelelezi Speke na Grant walipofika kwa Mtawala Rumanyika wa Karagwe, mwezi Novemba 1861, na Stanley alipomfuata mwaka 1876, walikuta ufalme ambao alama zake za enzi zilikuwa ni za chuma: ng'ombe wadogo wa chuma wenye pembe ndefu, mikuki, na nyundo kubwa zilizokuwa pia fuawe. Masimulizi ya Bweranyange, makao ya ufalme huo, yanamhusisha Ndagara, baba yake Rumanyika, na uhunzi wa vitu hivyo. Wanaakiolojia Andrew Reid na Rachel MacLean waliandika mwaka 1995 juu ya maana ya chuma katika ufalme huo, ambamo nyundo ilibeba uzito wa utawala. Kwa jirani zetu wa Buhaya, Peter Schmidt na Donald Avery walionyesha mwaka 1978 kwamba wafua chuma wa kale walikuwa wakipasha hewa joto kabla haijafika kwenye moto wa tanuri, ufundi uliowashangaza wanasayansi wengi.

Mhunzi wa Ndagara alipima kwa jicho na kwa kiganja, na ilimtosha. Pembe ya ng'ombe wa chuma haikuhitaji kuingia kwenye tundu lililotobolewa na mtu mwingine asiyemjua. Mkuki ulipata mpini wake papo hapo, ukachongewa huo na si mwingine. Ugumu ulikuja dunia ilipoanza kutaka kipande kilichotengenezwa hapa kiingie ndani ya kipande kilichotengenezwa mbali, bila kupigwa tupa.

Ugumu huo ulimkuta Msweden Carl Edvard Johansson kwenye kiwanda cha bunduki cha Eskilstuna. Mwaka 1896, akirejea nyumbani kwa treni kutoka kiwanda cha Mauser kule Ujerumani, alipata wazo la seti ya vipande vya chuma vilivyosuguliwa hadi vipimo kamili, ambavyo ukivibandika pamoja unapata kipimo chochote unachotaka. Seti yake ya vipande 102 iliweza kutoa vipimo vipatavyo 20,000. Usuguaji wa mwisho aliufanyia nyumbani kwa cherehani ya mke wake aliyoigeuza kuwa mashine ya kusugulia. Nalipenda tukio hilo kwa sababu linaonyesha kwamba usahihi wa kiwango cha juu kabisa wa zama zile haukutoka kwenye jumba la kifahari. Ulitoka kwa mtu mmoja mwenye cherehani na nidhamu.

Vipande vya namna hiyo ndivyo hadi leo vinavyotumika kuihakiki maikromita. Unakiweka kipande cha milimita 25 kati ya midomo yake, ikisoma 25.00 iko salama, ikisoma 25.02 umejua kasoro yake, unairekebisha au unaipunguza katika kila hesabu. Vipande vyenyewe huhakikiwa kwa vipande bora zaidi, na mnyororo unapanda hadi Maabara ya Ugezi ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, pale Ubungo, na kutoka hapo hadi kwenye mita yenyewe, ambayo tangu mwaka 1983 inafafanuliwa kwa mwendo wa mwanga. Mnyororo upo. Tatizo ni kwamba kutoka Ubungo hadi Kayanga ni zaidi ya kilomita 1,300, na pingili ya mwisho, ile inayomfikia fundi, haijafungwa.

Kyerwa ina sababu yake ya ziada ya kulijali jambo hili. Ardhi yake ina bati, madini ambayo wachimbaji wadogo huyatoa kwa sururu na kuyauza kwa kilo. Bati si la kuchomea waya peke yake. Mwaka 1839 Mmarekani Isaac Babbitt alibuni mchanganyiko laini wa bati, antimoni na shaba kwa ajili ya beringi za kuteleza, na hadi leo mitambo mikubwa, kuanzia injini za meli hadi mitambo ya kufua umeme, huegemea juu ya tabaka jembamba la mchanganyiko wa ukoo huo. Tabaka hilo likishamwagwa huchongwa na kupimwa kwa maikroni. Kijana wa Kyerwa anaweza kuliona bati likiondoka kama mchanga mzito kwenye kiroba. Hana anapoweza kuliona likirudi kama beringi. Ningependa halmashauri inayopanga mustakabali wa madini hayo ifikirie na elimu ya namna yanavyotumika, maana bei ya kiroba na bei ya beringi haziko pamoja hata kidogo.

Nini kifanyike? Sipendekezi sheria mpya ya kumwandama fundi kwa faini. Karakana zetu zina mzigo wa kutosha wa kodi, umeme na vipuri. Napendekeza kitu kidogo kinachowezekana: seti moja ya vipande vya kupimia yenye cheti cha uhakiki ikae Kayanga, nyingine upande wa Kyerwa, mikononi mwa chuo cha ufundi au chama cha ushirika, ndani ya chumba chenye joto linalotulia. Fundi yeyote apeleke maikromita yake bure au kwa ada ndogo, ihakikiwe, apewe kadi yenye tarehe. TBS wahakiki seti hizo mbili kwa ratiba inayojulikana. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na mamlaka ya ufundi stadi, VETA, wapange mafunzo mafupi ya upimaji kwa mafundi walio kazini tayari, wafanye mazoezi kwa shafti halisi za mashine za kusaga na si kwa michoro ubaoni. Vyama vya ushirika vyenye vinu vya kukobolea vianze kuidai kadi hiyo kabla ya kutoa kazi. Kama wameweza kuusimamia mzani, hawawezi kushindwa na hili.

Na wewe mwenye mashine au pikipiki una sehemu yako. Ukipeleka shafti, peleka na beringi mpya itakayovaa, usingoje kuinunua baadaye. Mwombe fundi akuonyeshe maikromita ikisoma sifuri kabla hajaanza. Kazi ikiisha, iache ipoe, kisha aipime mbele yako sehemu tatu na akuandikie namba hizo kwenye risiti, pamoja na tarehe. Fundi mwenye uwezo hataudhika kwa ombi hilo. Mlipe bei yake bila kumkaba, kwa sababu muda anaoutumia kupima ndio unaokuepusha na beringi ya mwezi ujao.

Mwaka ujao stika mpya zitabandikwa kwenye mizani ya kahawa kama kawaida. Viongozi wa Karagwe na Kyerwa wanao muda wa kutosha kabla ya hapo kuzinunua hizo seti mbili.